Nusu ya Sakafu

3 Novemba

Mvua ya kwanza. Imenyesha kidogo tu, kama mkulima anayetema mate viganjani kabla ya kushika jembe, lakini udongo wa ndani umeshatoa harufu. Wening, mjukuu wangu, amekohoa akiwa anakula. Nikamtazama, akajifanya alikuwa anacheka.

Naandika kwenye daftari lake la mwaka jana, kurasa za nyuma. Bi Ratri, yule binti wa serikali anayetusimamia sisi walengwa wa ruzuku, ametuambia kila mama aandike matumizi yake ya siku. Mimi matumizi yangu hayajazi hata mstari, kwa hiyo naandika mengine. Shule sikuikanyaga. Herufi nimezijulia msituni: marehemu mume wangu Kasdi alikuwa mpaka rangi, anaandika alama kwenye mitiki inayosubiri kukatwa, mimi nambebea kopo na kumuuliza hii nini, na ile nini. Ndiyo maana herufi zangu zote ni kubwa, zimesimama wima kama zinangoja shoka.

5 Novemba

Nimepanda mahindi katikati ya mitiki. Mgongo unauma. Basi.

9 Novemba

Mkutano wa walengwa kwa mkuu wa kitongoji, Pak Wagiman. Bi Ratri alikuja na kilemba cha rangi moja na viatu vyake. Nikajisemea, huyu naye anatufundisha umaskini kwa viatu gani.

Akasema mwezi wa pili watapita watu wa takwimu, nyumba kwa nyumba. Watapiga picha paa, ukuta na sakafu. Atakayeonekana amejiweza, jina linatoka. Na jina likitoka, mchele umetoka na kadi ya afya imezimika.

"Amejiweza ndiyo amekuwaje?" nikauliza.

"Yaani, Mbah, hali ya nyumba imepanda." Hapa kila mtu ananiita Mbah, hata wenye mvi. Mimi ni bibi yao wote.

"Nyumba yangu ikipanda mimi napanda nayo, au inaniacha chini?"

Wanawake wakacheka. Bi Ratri hakucheka. "Mimi sipangi, Mbah. Mashine ndiyo inapanga."

"Hiyo mashine imewahi kula?"

Sumi, jirani yangu, akanibana ubavu ninyamaze. Lakini mwenye haki ya kusema kuliko wote ni yeye. Mwanawe alikuwa Malaysia, akamtumia mama yake marumaru meupe yakatandikwa nyumba nzima kwa ajili ya sikukuu. Mwaka haukuisha, jina la Sumi likatoka. Kisha kijana akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akarudishwa na mgongo uliopinda. Sasa wana marumaru na hawana mchele. Mgeni akiingia, Sumi humwambia, "Karibu ulambe sakafu, ina ladha ya Malaysia."

Nyumba yangu ni ya mbao za mtiki, babu yake Kasdi ndiye aliyeisimamisha. Sakafu ni udongo, umekanyagwa na vizazi ukawa mweusi na laini kama mgongo wa nyati. Ukutani mbele, serikali ya kijiji ilipaka maandishi ya buluu, KAYA MASKINI. Rangi ile ndiyo kitu kipya kuliko vyote nilivyo navyo.

21 Novemba

Viwavi wa mitiki wameshuka wakajizungushia majani wakawa bundo, wale wanaolala kabla ya kuwa vipepeo. Kijiji kizima kimeinamia msitu kuokota. Wening kajaza kikapu kunishinda. Tumekaanga kwa vitunguu saumu na pilipili. Sumi akaja na sahani yake bila kualikwa.

"Shoga, huyu mtoto anaokota kama kuku."

"Na wewe unakula kama kunguru."

Siku njema. Naiandika ili niikumbuke.

2 Desemba

Mvua tangu Ijumaa. Sakafu inatoa jasho. Ukiweka mkeka jioni, asubuhi unaukamua. Nimeinua miguu ya kitanda cha Wening juu ya matofali.

6 Desemba

Mvua.

7 Desemba

Mvua. Wening kifua kinapiga filimbi. Amekwenda shule hivyo hivyo, maana asipokwenda Bi Ratri anatia alama kwenye jina letu.

11 Desemba

Leo nimezeeka.

Wening alirudi kutoka shule mchana, akaketi mlangoni, akasema, "Mbah, hewa haiingii." Hakulia. Mtoto akilia ana pumzi. Huyu hakuwa nayo ya kulilia. Mabega yalikuwa yanapanda masikioni, na pale penye shimo la koo ngozi inazama ndani, inatoka, inazama. Dawa yake ya kuvuta nikampa, nikampa tena. Midomo ikaanza kugeuka rangi ya biringanya.

Nikapiga kelele za kuita watu, mimi ambaye sikupiga hata siku Kasdi alipoangukiwa na gogo. Pak Wagiman akaja na pikipiki, tukampakata mtoto katikati yetu kama gunia, matope mpaka usoni. Njia nzima namwambia sikioni, vuta, mwanangu, vuta, usiponivutia nitakuchapa. Na yeye anavuta.

Kituo cha afya wakamfunga mashine ya mvuke usoni. Muuguzi akachukua kadi yetu, akaipitisha, taa ya kijani ikawaka. Sijui kama kuna mtu mwingine anayeipenda rangi hiyo kama mimi. Hakuna aliyeniuliza nina nini mfukoni. Mashine, sindano, barua ya kwenda kwa daktari wa mapafu mjini kila mwezi, dawa ya kuvuta asubuhi na jioni. Vyote nyuma ya taa ile.

Jioni pumzi ikarudi. Daktari, kijana mwenye miwani, akakaa pembeni ya kitanda.

"Analala wapi, Mbah?"

"Kitandani. Unadhani namtundika?"

"Sakafu je?"

"Udongo."

Akavua miwani. "Dawa nitampa. Lakini mtoto huyu akiendelea kulala juu ya udongo unaotoa maji, utamleta hapa kila mvua, na iko siku utachelewa njiani. Mtilie saruji. Chumba chake tu hata."

Nikamwambia sawa. Ningemwambia nini? Serikali kwa mdomo wa daktari inasema tia saruji. Serikali kwa mdomo wa mtu wa takwimu inasema ukitia, nakunyang'anya hiyo kadi. Na mimi nipo katikati ya midomo miwili kama mabaki ya nyama kwenye jino.

13 Desemba

Tumerudi nyumbani. Mvua.

15 Desemba

Nimeongea na Parno kwa simu ya Sumi. Parno ni mwanangu, baba yake Wening. Anabeba zege Surabaya. Mama yake mtoto alikwenda Taiwan kulea wazee, akaolewa huko. Simlaumu, ila simtaji.

"Mama, natuma saruji. Bosi ananikopesha mifuko."

"Usitume."

"Daktari kasema."

"Daktari hakai hapa. Jina letu likitoka, dawa ya kila mwezi utainunua wewe?"

Nasikia mvua ya Surabaya nyuma yake. Mvua ikinyesha huko, hakuna zege. Na bila zege hakuna ujira.

"Sasa tufanyeje, Mama?"

"Ningejua ningekuwa nakupigia simu?"

Nikamrudishia Sumi simu yake. Akaitazama kama imetoka kumng'ata mtu. "Uliza mwenye marumaru," akasema. "Mimi kila nikipiga deki naosha mchele wangu uliopotea."

16 Desemba

Mvua.

17 Desemba

Mvua. Nimetandaza maganda ya mpunga chini ya kitanda chake. Yameota.

19 Desemba

Mvua. Nimeongeza matofali chini ya kitanda. Wening anasema sasa analala karibu na mbingu. Nikamwambia asiseme hivyo.

22 Desemba

Amekohoa mpaka akatapika uji. Sikwenda shamba.

28 Desemba

Bi Ratri amekuja peke yake, viatu mkononi, miguu imejaa matope mpaka magotini. Pikipiki ilikwama mtoni akaja kwa miguu. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, nikayaweka kando. Nikampa chai yenye sukari nyingi na mihogo ya kuchemsha. Alikula kama mtu aliyesahauliwa.

Akamtazama Wening amelala mchana, mdomo wazi. Akaitazama sakafu.

"Mimi nina mdogo wangu wa hivi," akasema. Kumbe. "Mbah, sikuja kukwambia chochote. Nimekuja kunywa chai."

"Kunywa."

"Nakunywa. Ila nikiwa nakunywa nakumbuka lile swali la sakafu linavyoulizwa. Linauliza sakafu iliyo kubwa zaidi ni ya nini. Kubwa zaidi. Mtu akiwa na chumba kimoja cha saruji, na sehemu kubwa ya nyumba ni udongo, basi jibu lake ni udongo. Wala si uongo."

Nikamwongezea sukari bila yeye kuomba. Kumbe chini ya kile kilemba kuna mtu.

Kutoka ukuta wa nyuma mpaka nguzo ya kati ni pungufu ya nusu ya nyumba. Nimepapima kwa hatua zangu, nikapapima kwa hatua za Wening. Kitanda kinaingia, na sanduku la nguo, na mahali pa kuchezea.

4 Januari

Saruji ya Parno, niliyomwomba baada ya ile chai ya Bi Ratri, imefika na lori la mbao. Imezidi niliyoomba. Mwanangu ana moyo mpana, mkono hauna kipimo.

Nimepita nyumba kwa nyumba kuomba ujima. Kila niliyemwambia amekubali kabla sijamaliza. Hawa ndio watu wangu.

11 Januari

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Ujima ulipangwa leo, na leo hiyo hiyo ndiyo siku ya Wening kwa daktari wa mapafu. Siku ya hospitali haihamishwi. Asubuhi nikamwambia Darmin, fundi wetu, nikamwonyesha kwa kidole: "Mpaka kwenye nguzo ya kati. Usiivuke." Akasema, "Ndiyo, Mbah." Pak Wagiman ndiye niliyemtaka asimamie, lakini akaitwa wilayani. Nikamwachia Sumi jiko: wali, mboga ya fenesi, tempe ya maharage ya soya, kahawa. Tukaondoka.

Hapa kwetu, mtu akiitika ujima haondoki kazi ikiwa nusu. Kuacha kazi nusu ni kutangaza kwamba mwenye nyumba alikuwa bahili wa chakula, au kwamba wewe ulikula ukakimbia. Watoto wako watatajwa kwa hilo. Jambo hili nalijua tangu nikinyonya. Na nilikwenda mjini huku nalijua. Nilidhani kidole changu kitatosha.

Tumerudi alasiri. Wamechuchumaa barazani, miguu wameshanawa, wanavuta sigara na kutabasamu kama watu waliofunga ndoa ya mtu. Nikachungulia ndani.

Yote. Kutoka ukuta wa nyuma mpaka kizingiti cha mbele. Imenyooshwa kama maji yaliyotulia. Darmin hajawahi kutengeneza sakafu nzuri namna ile maishani mwake.

"Mifuko ilibaki, Mbah," akasema. "Ningeacha nusu, kesho watu waseme Darmin kala wali wa kikongwe akamwachia nyumba ya viraka?"

Sumi alikuwa nyuma ya mlango wa jiko, macho mekundu. Akaninong'oneza, "Niliwaambia. Wallahi niliwaambia. Wakasema Sumi ana wivu wa sakafu."

Wanaume kumi na zaidi, walioacha mashamba yao siku ya jua, siku yenyewe ya pekee tuliyoipata. Ningewaambia nini? Nikasema asanteni. Ilitoka kama mfupa. Nikawapakulia, nikawaongezea, nikawatania, wakaondoka wameshiba.

Wening akakanyaga kona karibu na mlango wa mbele, mguu mmoja, saruji bado mbichi. "Ili ijue ni yangu," akasema.

16 Januari

Tulilala kwa Sumi mpaka sakafu ikauke. Leo tumerudi.

20 Januari

Mvua kubwa usiku kucha. Nimeamka nikasikia kitu kimepungua, nikaogopa, nikapapasa kitanda. Alikuwa amelala, mdomo umefungwa. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba nimeisikia mvua bila kumsikia yeye.

23 Januari

Bado analala vizuri. Amenenepa mashavu, au macho yangu yanataka hivyo.

26 Januari

Pak Wagiman amekuja, kavua viatu mlangoni. Hajawahi kuvua viatu kwangu. Kumbe sakafu inamfundisha mtu adabu.

"Watu wa takwimu wanafika kitongoji chetu wiki ya pili ya Februari, Mbah." Akakanyagakanyaga saruji kwa kisigino. "Nina wazo. Tunaleta udongo mikokoteni miwili mitatu, tunautandaza juu, tunamwagia maji, tunaupiga. Mtu akipiga picha, ni udongo."

"Na akikwangua kwa kiatu?"

"Hatakwangua."

"Na akiniuliza, Mbah, sakafu yako ya nini?"

"Useme udongo."

"Nimwambie uongo machoni, kwa kadi ya mtoto. Kisha kila mtoto akivuta ile dawa nikumbuke. Hapana, Wagiman. Na Wening atalala wapi, juu ya huo udongo wako mpya wenye maji?"

Akakuna kichwa. Si mtu mbaya. Amezoea tu kufunika.

"Basi waeleze ukweli. Waambie ni msaada wa majirani."

"Nitamweleza nani? Bi Ratri kasema mashine haisikii maelezo."

Alipotoka, akasahau kuvaa viatu, akarudi kuvifuata. Nilicheka kidogo. Kidogo tu.

28 Januari

Kila mtu anayepita anachungulia sakafu na kuisifu. Nasema alhamdulillahi. Nimekaa ndani ya sifa zao kama kuku ndani ya tenga: hewa ipo, njia hakuna.

30 Januari

Dawa ya kuvuta inaisha mwezi huu unaokuja. Nimemuuliza bibi wa duka la dawa sokoni bei yake kwa asiye na kadi. Siiandiki hapa. Nimerudi kwa miguu.

1 Februari

Asubuhi nilimpeleka Wening shule, nikamwambia Sumi asije. Nikachukua mtaimbo wa Kasdi. Nikasimama kwenye nguzo ya kati, nikageukia upande wa mlango wa mbele, upande mkubwa.

Nilisema bismillahi. Halafu nikaomba radhi, sijui kwa nani, labda kwa sakafu.

Pigo la kwanza mtaimbo uliruka ukanirudia bega. La pili nalo. Darmin hachezei mchanganyiko. Nikaenda kwenye ukingo karibu na kizingiti, nikachokoa chini yake, nikaweka uzito wangu wote, ikapasuka. Sauti ile ilifika mbali. Nadhani ilifika msituni.

Sumi wa kwanza. Alisimama uani, mikono kichwani, kama amefika msibani. Kisha wengine. Kisha Darmin, amevaa nguo za shamba, jembe begani. Watu wakampisha mpaka kizingitini.

Akatazama kipande kilichovunjika. Akatazama mtaimbo. Akanitazama mimi.

"Mbah," akasema, "kama kazi yangu ilikuwa mbaya ungeniambia."

"Darmin, nimeolewa nikalala kwenye udongo huu. Nimezalia kwenye udongo huu. Kitu kizuri kuliko vyote kilichowahi kuwa chini ya miguu yangu umekiweka wewe. Nakivunja, na nikikivunja nalia, wewe unaona."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu sakafu hii ikipigwa picha, Wening hana dawa. Na sakafu hii isipokuwepo kabisa, Wening hana pumzi. Nilikwambia mpaka kwenye nguzo."

Alikuwa anatazama nguzo, tena anatazama mlango, kama mtu anayesoma upya barua aliyodhani ameielewa. Kisha akageuka, akaenda zake. Watu wakatazama chini. Nikajua nimemkata mtu uso mbele ya kitongoji kizima, na sisi hatuna uso mwingine wa kubadilisha.

Nikaendelea. Ungefanyaje?

Sijui ilipita muda gani. Kivuli kikaingia mlangoni. Ni Darmin, nyundo ile kubwa ya kuvunjia mawe begani, na nyuma yake wale wale wa ujima, na mitaimbo, na mikokoteni.

"Nusu ipi?" akauliza.

"Ya mbele. Mpaka kwenye nguzo."

"Haya toka hapo. Ukishika mtaimbo hivyo utavunja mguu, siyo sakafu."

Mmoja akasema, "Kazi ya kumpandisha mtu alituomba. Ya kumshusha tumekuja wenyewe."

"Nyamaza upige," Darmin akamwambia. "Na anayepita nguzo nitamvunja yeye."

Alipiga mstari kwa chaki kutoka ukuta hadi ukuta, akaukata kwa patasi kwanza ili ufa usikimbilie upande wa mtoto. Aliukata taratibu, kama fundi nguo.

Mimi nikakumbuka sikuwa nimepika. Ujima bila chakula, nyumbani kwangu. Nikataka kufa. Sumi alikuwa ameshawasha moto. "Leo tunaifukarisha nyumba hii," akasema, "lakini si kwa matumbo matupu. Nipe chumvi, kikongwe." Mahindi ya shamba langu, majani ya mihogo, na dagaa aliotoa yeye, mwenye marumaru na asiye na mchele.

Wening aliporudi kutoka shule akakuta watu wanabeba sakafu nje. Hakuuliza kitu mpaka alipofika kona ya mlango. "Mguu wangu," akasema. Unyayo wake ulikuwa upande wa mbele. Sikuwa nimeufikiria. Darmin alikuwa amekiweka kile kipande kando, chini ya pipa la maji, amekifunika kwa gunia. Wamekitia mlango wa nyuma kiwe ngazi ya kukanyagia. Bado mtoto alinuna mpaka magharibi, na ana haki.

3 Februari

Udongo wa chini umerudi kuona watu. Mweusi, una alama za saruji kama ndui. Tunaupiga kwa miguu.

10 Februari

Mtu wa takwimu amefika. Kijana mdogo, jaketi kubwa, simu ndani ya mfuko wa nailoni. Akasalimu vizuri. Akapiga picha paa, ukuta, yale maandishi ya buluu. Akaingia ndani, akasimama kwenye mstari wa Darmin, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule.

"Sakafu iliyo kubwa ni ipi, Mbah?"

"Pima mwenyewe, usije ukasema nimekupimia."

Akapima kwa hatua, mara mbili. "Udongo," akasema, akabonyeza.

Kisha akatazama nje ya dirisha, kwenye lundo la saruji iliyovunjwa karibu na kisima. "Na lile?"

"Sakafu."

"Ya nani?"

"Yangu. Tulikuwa nayo, tukaivunja."

Alinitazama, akamtazama Wening aliyeketi kitandani na daftari, akaitazama ile simu yake. Alisogeza kidole juu, akasogeza chini, anatafuta.

"Hapa hakuna pa kuandika hivyo, Mbah," akasema.

"Najua, baba. Kunywa chai."

Alikunywa akiwa amesimama upande wa udongo. Nilimwona anavyojitahidi asikanyage upande mwingine kwa viatu vyake.

11 Februari

Mvua.

19 Februari

Mvua imepungua. Wening amekohoa, lakini kikohozi cha kawaida, cha watoto wote.

Parno kapiga simu, anataka kutuma pesa za bati jipya. Nikamwambia asithubutu kugusa paa. Tukacheka wote wawili, halafu hakuna aliyejua namna ya kuacha kucheka, tukaaga.

8 Machi

Siku ya hospitali. Njia nzima nimeishika kadi ndani ya kanga, imeloa jasho. Bi Ratri alikuwa amesema majibu yakitoka hayatangazwi; utayajua siku ukifika dirishani. Nikampa muuguzi. Nikatazama pembeni.

"Mbah, mbona umefumba macho?"

Kijani.

Nikamuuliza, "Mpaka lini?"

"Mpaka mpimwe tena."

"Na mtoto akipona kabisa?"

Akafikiri. "Akipona kabisa si hutaihitaji?"

"Nami nikiipoteza si ataugua tena?"

Muuguzi akacheka, akadhani ni utani wa wazee, akanipa dawa.

15 Machi

Jua. Tonggeret, wale nyenje wa kiangazi, wanalia kwenye mitiki, yaani masika yanafunga mzigo. Sumi kaja na kiti, ananichambulia mvi na kunisengenyea watu.

Wening amechora mchezo wa kuruka vyumba ndani ya nyumba. Vya nyuma amevichora kwa chaki juu ya saruji, vya mbele amevikwangua kwa kijiti kwenye udongo, na mstari wa Darmin umepita katikati.

"Hapo kwenye mstari unaruhusiwa kukanyaga?" Sumi akamuuliza.

"Ukikanyaga umetoka," akasema Wening.

Akarusha kigae, akaruka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni, akageuka, akarudi. Tukamsikiliza pumzi. Hakukanyaga.